Mahudhurio ya Chemchemi

Mtendaji mpya wa kata yetu ameniandikia barua yenye muhuri. Ananiuliza ni kwa mamlaka ya nani ninakwenda kila mwezi na panga kwenye Chemchemi ya Wapagazi kukata machipukizi ya mikaratusi. Anataka jibu kwa maandishi. Barua yenyewe ina adabu, wala simlaumu; amehamishiwa kwetu juzi tu, na hakumkuta Mwalimu. Jibu fupi ni kwamba nilitumwa. Hili hapa ndilo jibu refu, na kama halitatosha, duka langu la vipuri vya baiskeli analijua, liko Kanyenye, aje anikamate.

Mwalimu ndivyo tulivyomwita na ndivyo nitakavyomwita. Tabora walimu wamejaa, ukiita "Mwalimu!" sokoni watageuka watu kumi. Lakini kwetu, pembezoni mwa mji, ukisema Mwalimu bila kuongeza kitu hakuna aliyeuliza yupi. Alitufundisha Sayansi darasa la tano. Alipostaafu aliendelea kutufundisha, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache, na hata angeambiwa asingesikia.

Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja, na alipanda baiskeli ya kiume, ile yenye bomba la juu, huku amevaa gauni refu. Mimi nauza baiskeli na vipuri vyake miaka yote hii, na mpaka leo sijui alikuwa akipandaje. Bodaboda hakuzitaka. "Anayenibeba ananichelewesha," alisema. Mfukoni mwa sweta lake hakukosa matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama soli ya kiatu. Hakumgawia mtu. Lakini ukishachapwa, ukarudi kwenye dawati ukijifuta machozi, ungekuta tobolwa moja limewekwa juu ya daftari lako, na yeye yuko ubaoni amekupa mgongo.

Alichapa kwa uongo, si kwa kosa. Kwa kosa alikuwa na utaratibu wake, ambao sijauona kwingine. Tuliuita kusimama. Ukikosea swali, unasimama, unaweka kidole juu ya kosa lako daftarini, unasema kwa sauti, "Nimekosea hapa," halafu unaeleza utafanya nini, ndipo unakaa. Ukisema "samahani" alikasirika. "Samahani nitaipeleka wapi? Niambie utafanya nini." Tulikuwa tukisimama mpaka magoti yanauma. Niliuchukia utaratibu ule kwa moyo wangu wote, na leo nawafanyia mafundi wangu dukani.

Kanisani, sisi Wamoraviani, alikuwa sauti ya pili kwenye kwaya, na alikuwa na tabia ya kusahihisha matangazo ya mchungaji kutoka pale pale alipokaa. Mchungaji akitangaza kuwa kikao ni saa nane, unasikia kutoka kwaya, "Saa tisa." Alikuwa mgumu, mbishi, na mara nyingi hakuwa na huruma. Nampenda, lakini sitamtengeneza awe malaika kwa sababu tumemzika.

Halafu kuna habari ya vyura. Mwalimu aliwachukia vyura. Akimwona chura alipanda juu ya kitu kilicho karibu, kiwe kiti, tofali au mwanafunzi. Siku moja mtu fulani alimficha chura kwenye boksi la chaki, na mtu huyo alikuwa mimi. Mwalimu alifungua boksi, akapanda mezani, akafundisha kipindi kizima akiwa amesimama juu ya meza, bila kuruka neno. Mada ilikuwa wanyama wa majini na nchi kavu. Miaka mingi baadaye, alipokuwa akihangaika usiku na mchana ili vyura warudi kijitoni, nilimuuliza inakuwaje.

"Nani kakwambia lazima nimpende ndiyo aishi?" alisema. "Wewe nilikupenda?"

Sasa nieleze kijito. Watu wa Tabora tuna ugonjwa mmoja: kila kisima chetu kilinywewa na misafara, kila njia ilipitwa na pembe za ndovu. Chemchemi yetu nayo inaitwa ya Wapagazi, kwa kuwa wazee walisema wapagazi wa zamani walitua mizigo pale. Inatoka chini ya mwamba, inateremka kama kijito, inapita chini ya kalavati la barabara, inaingia mbugani. Viongozi wakija walipenda kuitaja misafara ile kwenye hotuba. Mwalimu hakuwa na subira nao. "Wapagazi walikunywa wakaondoka," alisema. "Ninyi mmekaa. Wa kuulizwa ni ninyi."

Tulipokuwa darasa la tano, shule iliambiwa atakuja mgeni kukagua upandaji miti. Mwalimu akachagua mikaratusi. Inakua upesi, hailiwi na mbuzi, ikijipanga inapendeza macho. Tukaipanda kuzunguka chemchemi, wanafunzi arobaini na wanne, wawili wawili kwa madawati, na kila mche ukapigiliwa kigingi chenye kibati cha jina, kibati ambacho baadaye tulikihamishia kwenye shina. Akasimama mbele yetu akasema, "Huu ni mti wako mpaka ufe. Hakuna atakayeugusa bila ruhusa yako."

Palikuwa na bibi mmoja jirani na chemchemi, mchota maji wa miaka mingi. Alikuja na ndoo yake, akatutazama, akamwambia Mwalimu, "Mwanangu, mti huu unakunywa."

"Kila mti unakunywa, Bibi," Mwalimu akajibu. "Hii ni sayansi."

Bibi akajitwika ndoo yake akaenda. Nilikuwepo, nilisikia, na nilicheka.

Miti ikakua. Majani yake tulijifukizia mafua, na watu walipiga picha za harusi pale. Maji yakaanza kurudi nyuma. Kwanza, wakati wa kiangazi, hayakufika mbugani. Miaka ikapita, hayakufika kwenye kalavati. Watu wakasema yanachelewa njiani, wakachimba mtaro ulionyooka kama rula kutoka chemchemi hadi barabarani ili yakimbie. Yakakimbia kweli. Mvua ikikatika, ndani ya wiki chache yote yameshapita, na kinamama wanabaki kuchota tope kwa kikombe. Matete yalikufa, samaki wadogo wakafa, na vyura wakanyamaza. Mwalimu wakati huo alikuwa amestaafu, na aliwalaumu wachoma tumbaku kwa kumaliza msitu wa kule juu kwa kuni za kuikaushia. Hakukosea sana. Lakini Oktoba moja alikwenda na kigoda chake akakaa pale siku tatu mfululizo akitazama, kama alivyotufundisha kutazama. Nyasi zilikuwa zimekauka, miombo imepukutika, hata magugu yamekufa. Mikaratusi yetu ilikuwa ya kijani inang'aa.

"Nikajiuliza, hii inakunywa wapi?" aliniambia. "Mwanafunzi wa darasa la tano angejibu."

Alikwenda kwa Bibi siku hiyo hiyo. Bibi alikuwa hai bado, mzee sana, anaota jua mlangoni. Mwalimu akapiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kumbe bado unaipanda hiyo baiskeli."

"Bibi, ile miti inakunywa."

"Kwa hiyo sayansi imebadilika?"

"Haijabadilika. Mimi sikuwa nimeisoma vizuri."

Kwenye mkutano wa hadhara uliofuata, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na watu wote, Mwalimu alisimama. Nasema alisimama kwa maana yetu ile. Alinyoosha kidole kuelekea chemchemi akasema, "Nimekosea pale." Halafu akaeleza atafanya nini: mikaratusi itatoka yote, mtaro utafukiwa, na kijito kitarudishiwa kona zake. Watu walicheka. Mmoja akauliza kama jua limemchoma siku zile tatu. Tumeimba panda miti, panda miti tangu utotoni, leo aliyetuimbisha anataka shoka! Mwalimu alisubiri wacheke mpaka wachoke. "Mmemaliza?" akauliza. "Jumamosi tunaanza."

Lakini ile ahadi aliyotupa tukiwa watoto haikumwacha. Miti ilikuwa yetu. Mtu mwingine angesema wale walikuwa watoto, nani anakumbuka. Mwalimu alikuwa amelihifadhi daftari la mahudhurio la darasa letu, jalada limeliwa na mende, na akapanda baiskeli akaanza kutuzungukia mmoja mmoja: Gongoni kwa fundi cherehani, stesheni kwa mpakia mizigo, kijijini kwa mfuga nyuki. Akifika, hakukaa. "Nimekuja kukuomba mti wako," alisema. Ukikubali, aliita jina lako kutoka daftarini, na wewe, mtu mzima mwenye kitambi na wajukuu, ulitakiwa ujibu, "Nipo, Mwalimu." Ndipo anaweka alama ya vema. Waliofariki, aliwaomba jirani zao wa dawati. Alisema ndugu wanaweza kuwa hawakuwepo siku ile, ila wa dawati alikuwepo.

Mti wa kwanza ulipoanguka, mtendaji wa wakati ule alifika na mgambo wawili.

"Mama, unajua sheria inasemaje kuhusu kukata miti kwenye chanzo cha maji?"

"Naijua. Nimeifundisha."

"Basi umeivunja."

"Basi nishitaki. Ila ushitaki wawili, aliyekata na aliyepanda kisichofaa. Wote ni mimi, hutapata shida ya kututafuta."

Walimweka kwenye chumba cha ofisi ya kata kutwa nzima. Tulikwenda kumi na tano tukakaa nje chini, tukakataa kuondoka, na nilikuwa mmoja wao. Jioni walipomfungulia, matangazo yote ukutani yalikuwa yamesahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Siku chache baadaye aliletwa mtaalamu wa maji, kijana mpole. Alizunguka, akapima, akasema mbele ya mtendaji kwamba miti ile kweli haifai pale. Mwalimu akatutazama kwa ushindi. Lakini kijana akaendelea, "Ila Mwalimu, ungeikata yote kwa mkupuo, jua lingechoma hapa na mvua ingezoa udongo wote. Itolewe kidogo kidogo, na kila inapotoka ipandwe ya asili. Mikuyu, mizambarau pori, matete."

Tukasubiri alipuke. Mwalimu alisimama, akanyoosha kidole kwenye shina alilokwisha kulikata. "Nimekosea hapa," akasema. Kibali kilitoka, na kazi ikawa ya miaka, si ya Jumamosi moja.

Sitasahau Jumamosi zile. Tulifukia mtaro kwa mawe na magogo tuliyobeba wenyewe. Bibi aliletwa kwenye toroli, akakalishwa, akatuelekeza kwa fimbo zilipokuwa kona za zamani. "Hapa yalizunguka kichuguu. Hapa yalitulia, tulifua." Tukachimba alipoonyesha. Wapita njia walitukejeli kwamba tunayafundisha maji kulewa. Mvua za kwanza ziliharibu nusu ya kazi. Tukarudia. Mikaratusi nayo haifi kwa kukatwa, inachipua upya kila mwezi kwa hasira, na Mwalimu akawa anazunguka na panga akiyaondoa machipukizi huku akiyasemesha kama watoto watoro; siku zake za mwisho alinikabidhi mimi panga lile na kazi ile.

Maji yakaanza kurudi. Yalifika kwenye kona ya kwanza, halafu kwenye kichuguu. Miti ikapungua, ikabaki miwili. Ilikuwa juu kabisa, kwenye jicho lenyewe la chemchemi.

Ilikuwa mti wangu na wa Kabula.

Kabula ndiye niliyekaa naye dawati moja, la mwisho kabisa darasani. Ndiye aliyemkamata yule chura. Mimi nilikuwa wa boksi tu. Aliolewa Nzega, akafariki akijifungua, na mtoto naye. Sina picha yake. Enzi zile picha ilikuwa shughuli. Nilichokuwa nacho ni mti wake, uliokua umeegemea wa kwangu, gome limekimeza kile kibati mpaka zikabaki herufi tatu tu za jina. Nilikuwa nikienda pale peke yangu naweka kiganja juu ya zile herufi.

Mwalimu alipokuja dukani na daftari lake, nilimwambia hapana. Nilibeba mawe, nilikaa chini mbele ya ofisi ya kata, nitabeba mengine. Ule mti haukatwi.

"Wewe ndiye wa dawati lake," alisema. "Bila neno lako siugusi."

"Basi hautaguswa."

"Haya." Akanunua mpira wa valvu, akaenda.

Kiangazi kilichofuata akaja, akakaa kwenye benchi langu. "Leo je?" "Bado, Mwalimu." Akanunua mpira wa valvu. Alikuja hivyo miaka sita. Hakuniambia kuhusu kinamama wanaochota tope, hakuniambia kuhusu samaki. Angenibembeleza ningemfukuza. Wenzangu walinisema, mmoja alitaka kwenda kuikata kwa siri, na Mwalimu huyo huyo akamwambia akithubutu atamshitaki mwenyewe kwa mtendaji. Ubishi wangu aliuheshimu kwa sababu ulikuwa wake, niliupata kwake.

Mwaka wa saba hakuja. Nilisubiri mpaka Septemba inaisha, nikaenda kwake. Mguu ulikuwa umevimba, amelazwa kitandani karibu na dirisha, baiskeli imesimamishwa ndani ya chumba kama mgonjwa mwenzake. Juu ya meza palikuwa na kopo la maziwa ya unga, limejaa mipira ya valvu, mingine bado kwenye karatasi nilizoifungia. Tuliongea habari za kwaya. Nilisubiri aniulize, "Leo je?" Hakuuliza. Niliaga, nikafika nje nikamkasirikia, nikajikasirikia. Nilitembea mpaka chemchemini. Mikuyu yetu midogo ilikuwa na majani ya vumbi. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mwamba, membamba kama kidole, na kabla hayajapita mizizi ya miti yetu miwili yalikuwa yamekwisha. Nikaona kwa macho yangu kwamba tunainywesha kumbukumbu yangu maji ya watu wote.

Jumamosi nilibeba shoka mwenyewe. Niliangusha wa kwangu kwanza, halafu wa Kabula. Nililia, tena kwa sauti, na sioni haya kuliandika. Kile kipande cha gome chenye herufi tatu nilikibandua, kiko dukani juu ya kaunta, na mteja akiuliza naeleza.

Oktoba ya mwaka uliofuata, wiki zile ambazo hata mbwa wa Tabora hutafuta kivuli, Mwalimu alinitumia ujumbe nimpeleke chemchemini. Tulikwenda kwa bajaji, naye akimfokea dereva njia nzima. Tulimwekea kiti cha plastiki ukingoni, dereva akasubiri pembeni. Maji yalikuwa yanapita. Yalizunguka kichuguu, yakatulia pale pa kufulia, yakapita chini ya kalavati, Oktoba, yakaingia mbugani. Kereng'ende walikuwa juu ya matete. Samaki wadogo, wadogo kama kucha, walikuwa kivulini mwa mzambarau, na mdiria alikuwa juu ya tawi akiwatamani.

Mwalimu akafungua daftari magotini.

"Kuna majina mawili hayajafungwa," alisema.

Akaita langu, majina yote matatu, kama siku ya mtihani.

"Nipo, Mwalimu."

Akaweka vema. Kisha akaita, "Kabula."

Hakunitazama. Alisubiri, kalamu juu, kama alivyokuwa akisubiri darasani, bila haraka na bila huruma.

"Nipo, Mwalimu," nikasema.

"Sikusikia."

"Nipo, Mwalimu!" Nilipaza mpaka dereva wa bajaji akageuka.

Akaweka vema. Akanipa daftari nilishike, akavua miwani aifute, na hapo ndipo kitu kiliporuka kutoka matete kikatua kwenye ndara yake. Alikuwa chura, wa kijani, mnene, ametulia kama mwenye nyumba. Mwalimu alipiga ukelele, akainua miguu yote miwili hewani, na ule mguu mbovu pia.

"Mtoe! Mtoe!"

Nikainama nimshike.

"Acha!" akanifokea. "Usimguse! Nani kakwambia umguse? Mwandike."

"Nimwandike wapi?"

"Palipobaki nafasi."

Nafasi ilikuwa moja, mstari wa mwisho wa ukurasa, chini ya jina la Kabula. Nikaandika: Chura. Nikaweka vema. Chura mwenyewe alikuwa bado yuko pale, juu ya ndara.

"Umeandika kwa wino?" Mwalimu aliuliza, miguu bado iko hewani.

"Kwa wino, Mwalimu."